Ufunguo wa Gari la Maziwa

Jumatatu, 3 Juni

Gari limekataa kilima. Limepanda hadi katikati, likakohoa, likalipua mzinga mmoja kutoka kwenye bomba la moshi, kisha likaendelea kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuomba radhi. Nyuma, mikebe kumi na minane ya maziwa. Nimefika kituo cha kupokea maziwa saa tatu kasoro dakika mbili. Mpimaji alikuwa ameshashika komeo la mlango. Saa tatu kamili hufunga, na hafungui hata kwa machozi. Aliniuliza kama gari nimeliendesha au nimelisukuma. Sikumjibu. Mwenye ufunguo hajibizani na mwenye komeo.

Niweke kumbukumbu sawa. Pikapu ni mali ya chama chetu cha wafugaji. Wanachama kumi na wanane, mkebe mmoja kila nyumba. Ufunguo ninao mimi, mwaka wa nne huu. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa masjala, miaka thelathini na mmoja, bila kupoteza faili hata moja. (Lile moja lilipatikana.) Nilipostaafu, miezi sita mizima hakuna aliyeniamkia njiani. Watu walinipita kama nguzo. Nilipopewa ufunguo, shikamoo zikarudi. Nauvaa shingoni kwa kamba. Hata kuoga naoga nao.

Jumapili kuna mkutano wa chama. Ajenda ya nne: nani ashike ufunguo. Imeletwa na Shemeji, kaka yake mama watoto. Kondakta mstaafu! Mtu aliyening'inia maisha yake yote kwenye milango ya magari ya wenzake, sasa anadhani anayajua.

Nina siku sita. Nyingi mno. Kosa la injini ni kama faili lililopotea: halikupotea, bali limewekwa mahali pasipo pake. Mimi ndiye mtu wa kulitafuta.

Linalonishangaza ni kwamba gari hili halijawahi kutunzwa kama lilivyotunzwa jana. Nilifungua boneti mwenyewe, nikaisugua injini kwa sabuni na mswaki mkuukuu. Hata zile waya nne za plagi nilizinyoosha. Mbili zilikuwa zimepishana kama walevi wanaosindikizana. Nikazichomoa, nikazibadilishia mahali, na sasa zote nne zimelala sambamba kama mistari ya daftari. Raha kuzitazama. Kwa hiyo kosa liko kwingine.

Hasara ya jana ilikuwa moja tu. Wakati wa kufunga boneti nilijibana kidole kidogo cha mkono wa kulia, kile kile ambacho ncha yake iliondoka na droo ya kabati la mafaili mwaka wangu wa kumi kazini. Kidole hiki hakina bahati.

Nimefungua jalada: GARI, KUKOSA NGUVU NA KULIPUA. Ukurasa wa kwanza ni huu wa leo.

Jumanne, 4 Juni

Leo mizinga miwili kilimani. Nimefika saa tatu kasoro dakika moja. Mpimaji amefungua nusu mlango, mikebe ikaingia ubavu ubavu.

Njiani kurudi nimepata jibu. Petroli! Nani alilipeleka gari kutiwa petroli Jumamosi? Shemeji. Nani alikuwa akipiga mluzi aliporudi? Shemeji. Mtu hapigi mluzi bila sababu.

Mpango: kuitoa petroli yote, kuichuja na kuirudisha. Kila kitu tayari isipokuwa chujio. Nikakuta kwenye kamba ya kuanikia nguo kitambaa cheupe, safi, kimefumwa kwa karibu mno, kana kwamba kimeumbwa kwa kazi hiyo. Nimechuja madumu mawili. Matokeo: punje moja ya mchanga na bawa la nzi. Bawa nimelibandika kwenye jalada.

Kitambaa nimekisuuza mara mbili na kukirudisha kwenye kamba. Mtu mstaarabu hurudisha alichoazima.

Jioni nimejaribu kilima bila mzigo. Mizinga mitatu. Nimeridhika. Uchafu ndio unaotoka huo. Dawa kabla ya kuponya huchokoza.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya mitihani.

Mpimaji amepokea mikebe kumi na saba na kuukataa mmoja. Alifungua kifuniko, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili, akasema kwamba maziwa hayo tukiyamimina kwenye tangi la gari tutafika nyumbani bila shida. Wenye magari mengine wakacheka. Nikautazama mkebe. Rangi ya buluu shingoni. Wetu.

Nimemweleza mama watoto kwamba yawezekana ng'ombe alilishwa majani ya kando ya barabara, na barabarani magari hupita. Aliingia ndani, akatoka na kile kitambaa cheupe, akanishikia puani. Kumbe ndicho anachochujia maziwa! Amesema miaka ishirini na sita amenivumilia kuipanga mitungi yake kwa urefu na vijiko vyake kwa umri, lakini maziwa ni jasho lake na ng'ombe ni wake, na nikitaka kuchuja kitu kingine nichuje maneno yangu. Kwa upande wangu naona kitambaa kilianikwa bila alama yoyote. Masjala tungekiandika.

Hata hivyo petroli imeondolewa kwenye orodha. Kosa liko kwenye ekzosi. Ni dhahiri. Gari linalolipua nyuma lina ugonjwa nyuma, kama vile anayeumwa jino haumwi goti. Nimelala chini ya gari na fimbo ndefu ya chuma na kuchokoa. Masizi kiasi. Nikachokoa zaidi. Kutu kiasi. Nikatumia nyundo, kwa adabu. Kipande chote cha mwisho kikaanguka kifuani mwangu.

Maendeleo. Sasa moshi una njia fupi zaidi.

Alasiri Bibi Mwenyekiti ametuma ujumbe. Nyumba yake iko kilimani, na ng'ombe wake mkubwa ameshtushwa na mizinga hata hatoi maziwa. Akisikia gari kwa mbali hubana miguu kama mlango. Mwenyekiti anauliza kwa nini nisilipeleke gari kwa fundi wa njia panda. Nimejibu kwa maandishi kwamba uchunguzi unaendelea.

Siendi kwa fundi yule. Ni binti wa aliyekuwa tarishi wa masjala yetu. Baba yake nilimfundisha mimi kupanga barua. Leo binti anipange mimi?

Jioni mpango mpya, mkubwa kuliko yote. Ikiwa kosa haliko kwenye petroli wala kwenye ekzosi, basi kuna mkono. Mkono wa mtu! Nimechukua unga kidogo jikoni na kuunyunyiza juu ya boneti, laini kama umande. Atakayeigusa ataacha alama zake. Kisha nikakumbuka kwamba sijaangalia maji ya rejeta. Nikafungua, nikaangalia, nikafunga. Nitalala kama mtoto.

Alhamisi, 6 Juni

NIMEMPATA!

Alama ya kiganja kizima juu ya boneti, upande wa kulia, wazi kama muhuri wa ofisi. Vidole vitano. Kidole kidogo kifupi kuliko kawaida. Mhalifu ana kasoro ya kimaumbile. Vizuri sana. Nimeipima kwa rula na kuichora kwenye jalada.

Nimerudi kutoka kituoni (saa tatu kasoro nusu dakika, mizinga mitano) na kumwalika Shemeji chai. Amekuja na baiskeli yake, anang'aa, amenyoa. Alinikumbatia, akauliza habari za gari kwa sauti ya mtu anayemuuliza mgonjwa kama ameandika wosia. Nikamwacha anywe. Alipofika nusu ya kikombe nikamwomba, kwa utulivu, asogee hadi kwenye gari na kuweka mkono wake juu ya boneti.

Ameuweka. Mkono ni mpana kama jembe. Haukuenea kwenye alama hata kidogo. Nikamwambia aukunje kidogo. Akaukunja. Nikamwambia akikunje kidole kidogo zaidi. Akauliza shemeji, hii ni chai au ni hospitali?

Ndipo mama watoto akaja, mikono ina maji ya kuoshea mikebe. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaulaza juu ya alama. Ukaenea. Hadi kile kidole.

Shemeji amecheka mpaka akakaa chini. Amesema mwizi amepatikana, sasa apelekwe wapi? Mama watoto amecheka pia, na hilo halikunipendeza, ingawa nakiri sijamsikia akicheka tangu Jumapili.

Kuhusu unga: ulikuwa wa mwisho. Tutakula viazi.

Sijavunjika moyo. Mtego ulifanya kazi barabara. Ulichokosa ni mhalifu tu.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimefika kituoni mlango ukiwa unafungwa. Nimeingiza mguu. Kiatu kimeharibika, maziwa yamepokelewa.

Zimebaki siku mbili. Nimeamua kwenda kwa fundi. Si kama mgonjwa, kama mpelelezi. Gari nimeliacha nyumbani. Nimekwenda kwa miguu nikiwa nimevaa koti, na kumweleza kwamba nina rafiki, anaishi mbali, ana pikapu ambayo imeanza ghafla kukosa nguvu na kulipua.

Karakana ile! Spana zimelala na misumari, misumari na vikombe vya chai. Nilikunja mikono nisije nikaanza kupanga. Fundi mwenyewe alitoka chini ya lori, akanifutia kiti kwa kiwiko, akanipa shikamoo nzuri, ya heshima. Baba yake amemlea. Akaniuliza swali moja tu: kabla ya gari kuanza vituko, huyo rafiki yangu aligusa nini mara ya mwisho?

Nikasema hakugusa kitu. Aliisafisha tu.

Akauliza kama katika kusafisha hakuchomoa waya za plagi. Nikajibu kwamba rafiki yangu ni mtu makini, na kama alizichomoa alizirudisha zikiwa zimenyooka kuliko alivyozikuta. Hapo fundi aliinama kama mtu anayetafuta nati chini, mabega yanamtikisika. Sijui alikuwa akitafuta nini.

Kisha ameniambia jambo la ajabu. Eti injini haichomi mafuta kwa foleni kama watoto wa shule: moja, mbili, tatu, nne. Eti ya aina hiyo huanza moja, ikaenda tatu, ikaja nne, ikamalizia mbili. Waya mbili zikibadilishana mahali, moto hufika kwenye chumba ambacho hakikuuomba, na kile kilichouomba hukosa. Gari huishiwa nguvu, petroli isiyochomwa hutoka nje na kulipuka kwenye bomba. Akanichorea kwa chaki sakafuni.

Moja, tatu, nne, mbili! Nimemtazama kwa huruma. Msomi yeyote anajua namba zinavyofuatana. Hayo ndiyo matokeo ya kuacha masomo mapema.

Ila ana hekima moja, lazima niiandike. Nilipoaga amenisindikiza hadi barabarani, akasema: "Baba, mwambie rafiki yako kikulacho ki nguoni mwako."

Nguoni mwangu! Yaani mtu wa karibu. Wa nyumbani. Wa ukweni! Bila kujua, fundi amemtaja Shemeji. Nimempa mkono kwa moyo mweupe.

Jumamosi, 8 Juni

Nilipanga iwe siku ya ushindi. Nitaiandika yote, kwa kuwa jalada lisilo na kurasa mbaya halina kurasa za kweli.

Mpango: kumchukua Bibi Mwenyekiti kama abiria ili aone kwa macho yake, siku moja kabla ya mkutano, kwamba gari ni zima. Nimechora njia mpya inayokizunguka kilima kwa bondeni, mteremko kwa sehemu kubwa. Kwenye mteremko gari halihitaji nguvu, na injini iliyozimwa hailipui. Nani angebisha?

Mwenyekiti alipanda akiwa na kanga mbili na daftari. Nikaanza kushuka kwa utulivu mkubwa. Akasifu ukimya. Nikamwambia ni matunzo. Akauliza mbona sindano zote kwenye dashibodi zimelala. Nikamwambia zinapumzika. Akatazama nje, akauliza mbona tunakwenda bondeni na kituo kiko juu. Akaniamuru nigeuze. Amri ya Mwenyekiti ni amri.

Kilimani. Mzinga wa kwanza, Mwenyekiti amemwita mama yake. Wa pili, daftari limetoka dirishani. Wa tatu tulisimama kabisa mbele ya nyumba yake mwenyewe, na ng'ombe wake akatutazama juu ya ua kama anayetaka maelezo. Nikaingiza gia ya kwanza. Gari likasogea. Likapumzika. Likasogea. Kushoto kwetu kengele ikalia, kring kring, na baiskeli ikatupita. Shemeji! Anapanda kilima amekaa, hakuinuka hata kwenye tandiko! Aliinua kofia, akamwamkia Mwenyekiti, akaniuliza kama nahitaji kamba.

Tumefika kituoni saa tatu na dakika nne. Komeo limeshuka. Nimegonga. Nimegonga kwa mikono miwili. Mpimaji alisema kutoka ndani kwamba anasikitika, na nadhani kweli alisikitika, kwa sababu hakutania.

Mikebe kumi na minane tumeirudisha. Jua lilikuwa limeshapanda. Nimesimama kwenye mageti kumi na saba, na kila geti limefunguliwa na mtu aliyeamka kabla ya alfajiri kukamua. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja alipokea mkebe wake, akauweka chini, akasema asante. Afadhali angenitukana.

La kumi na nane ni geti letu. Mama watoto amefungua mkebe, amenusa. Yalikuwa yameshaanza kuchacha. Ameyamimina taratibu kwenye chombo cha ndama, hadi tone la mwisho, kisha akausuuza mkebe na kuugeuza juani. Nikampa sababu tatu. Akachukua ufagio. Nikaichukua ile mitungi iliyopangwa kwa urefu na kuirudisha ilivyokuwa zamani, hovyo hovyo. Aliiona, akapita.

Ufunguo leo ni mzito shingoni.

Lakini usingizi wa mchana umenirudishia akili. Kesho nitasoma jalada lote mbele ya mkutano. Kurasa arobaini na tatu. Haki haijawahi kushindwa na kurasa arobaini na tatu.

Jumapili, 9 Juni

NIMESHINDA! Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi Mwenyekiti alituma lori la jirani lichukue mikebe. Saa nne mkutano, uani kwa Mwenyekiti, viti vya mbao, gari limeegeshwa katikati kama mshtakiwa. Wanachama wote kumi na wanane. Na pembeni, akiwa amevaa gauni safi, fundi wa njia panda. Mwenyekiti amemwita bila kunishauri.

Ajenda ya nne. Nimesimama na jalada. Nimepewa dakika tano. Kwa dakika tano nilifika ukurasa wa sita, kwenye bawa la nzi. Mwenyekiti akashukuru, akasema tuyasikie ya injini yenyewe. Nikaombwa niliwashe gari. Nimeliwasha. Limelipua mara moja, na mzee wa jana akaangukia mapajani mwa jirani yake.

Fundi hakuja na spana hata moja. Alikuja na kitambaa tu. Akafungua boneti, akatazama kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, akasema nizime. Akachomoa waya mbili. Akazibadilishia mahali. Akasema niwashe.

Injini ikanguruma kwa upole, kama paka aliyeshiba. Nilikanyaga mafuta. Hakuna mzinga. Nilikanyaga zaidi. Hakuna. Ng'ombe wa Mwenyekiti alisikika akicheua nyuma ya ua.

Watu wamepiga makofi. Kisha fundi, akifuta mikono, akauliza kwa sauti ya kawaida: nani alizilaza waya hizi vizuri namna ile, kama sahani kabatini?

Nilisikia nzi. Mama watoto alitazama miguu yake. Nilijikuta nimeshika ufunguo kifuani, kamba imenibana shingo. Nilifikiri juu ya njia ya kwenda sokoni, na watu wakinipita kama nguzo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Si kukiri, kueleza. Kuna tofauti.

Ndipo Shemeji akasimama. Alimtazama dada yake kwanza. Akavua kofia. Akasema ni yeye. Eti Jumamosi ile alipokwenda kutia petroli alifungua boneti kuchezea waya akidhani anasaidia, na anaomba radhi kwa wote, hasa kwa maziwa ya jana. Kwa kuwa aliyeharibu hawezi kuomba ufunguo, akaliondoa jina lake.

NILIJUA! Tangu Jumanne nilijua! Ule mluzi! Kikulacho!

Kila kitu kimekaa mahali pake. Jumamosi yeye alizipindisha waya, Jumapili mimi nikazinyoosha. Na gari limepona leo kwa sababu petroli niliyoichuja imefika hatimaye kwenye injini. Siku ya tano. Dawa ya taratibu ndiyo dawa.

Mwenyekiti alimtazama Shemeji, akanitazama mimi, akamtazama Shemeji tena, akatikisa kichwa na kuandika. Kura: kumi nibaki na ufunguo, saba nisibaki, mmoja hakupiga. Asiyepiga ni mama watoto. Pia limepitishwa azimio kwamba boneti isifunguliwe na mtu asiye fundi. Azimio zuri. Limemlenga Shemeji, ni wazi.

Fundi alipoaga amenishika mkono, akasema nimpe salamu rafiki yangu. Rafiki gani? Mpaka sasa simkumbuki.

Chakula cha mchana Shemeji amealikwa kwetu. Sikupinga, mshindi hana kinyongo. Nimemweleza kwa upole madhara ya kugusa vitu asivyovijua. Alitikisa kichwa akitazama sahani yake. Amesema amesikia, shemeji. Mama watoto amempakulia yeye kwanza, na kipande kikubwa kuliko vyote. Akamwekea na mto mgongoni. Miaka ishirini na sita, mto ule sijawahi kuwekewa mimi. Wanawake wana mantiki yao: mkosaji ndiye mgeni wa heshima.

Jumatatu, 10 Juni

Kituoni saa mbili na dakika kumi na tano! Mikebe kumi na minane. Kilima nimekipanda kwa gia ya tatu. Mpimaji alitoka nje na kikombe chake cha chai akatazama saa yake mara mbili. Nimemwambia yeye anyooshe komeo lake, lina kutu. Njiani shikamoo saba. Moja kutoka kwa mtu mzima.

Nimerudi, nimeegesha. Boneti fundi hakuibana sawasawa. Ilikuwa imeachia upana wa kidole. Azimio linasema isifunguliwe. Mimi sikuifungua. Nimeiinua tu, ili niifunge vizuri.

Masikini! Waya mbili zimepishana tena, walevi wale wale! Haya ndiyo yanayotokea ukimwachia fundi wa moja, tatu, nne, mbili. Uharibifu wa Shemeji ameurudisha vile vile, mbele ya mkutano mzima, na watu wakapiga makofi. Siwezi kuliacha gari la chama hivyo. Nimezichomoa, nimezibadilishia mahali, nimezinyoosha. Safari hii nimeziandika na namba kwa rangi nyeupe, ili kosa lisirudi. 1, 2, 3, 4. Dakika tatu tu za kazi.

Shemeji alitokea nikiwa naandika nne. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia nasahihisha ulichokiharibu. Akazitazama waya. Akanitazama mimi. Akasema haya, shemeji.

Sasa nimekaa barazani naandika. Yuko pale uani. Ameipindua baiskeli, anaipaka mnyororo mafuta na kufunga nyuma kibebeo kikubwa cha mbao. Nimeuliza ni cha nini. Hawakunisikia. Mama watoto amemshikia kamba, wanacheka, na kwenye kibebeo wanapima kama unaenea ule mkebe wetu wa shingo ya buluu.

Sijui kesho wanautaka uende wapi. Gari lipo, tena limenyooka kuliko jana.